Muulize Babu Waya: Memori Tatu, Mazishi Matatu

Shikamoo Babu. Nimeunda kompyuta yangu mwenyewe hapa Migato kwa pesa ya pamba: boksi kutoka Mwanza, mazabodi ya mtumba kutoka Kariakoo, pawa saplai nimepewa bure. Nataka kufungua steshenari. Tangu Mei nimenunua memori tatu, zote zimekufa. Skrini ya bluu, mlio wa tiii, kisha kimya. Tena kila ikizima, jirani fulani anakuwa anapita dirishani. Nifanyeje?
Mjukuu Aliyefilisika

Marahaba, mjukuu. Anza kwa kumwacha jirani apite zake. Huku Usukumani tunajua imetugharimu nini kumnyooshea mtu kidole kwa kuwa tu alionekana karibu. Na memori zako umezifanyia hivyo hivyo: zilikutwa penye tukio, ukazika. Umezitupa shimoni? Zifukue. Huenda mbili kati ya hizo ni nzima.

Memori ni kibuyu kinachovuja. Simtukani mtu, ndivyo Robert Dennard wa IBM alivyoibuni, akapewa hataza mwaka 1968. Kila biti ni chaji kidogo ndani ya kapasita, nayo huvuja, kwa hiyo mashine hulazimika kuijaza upya kila milisekunde 64 hivi. Mabilioni ya vibuyu, vijazwe mchana kutwa, na kazi hiyo umemkabidhi nani? Pawa saplai ya bure! Memori ya DDR4 hutaka volti 1.2. Umeme ukiyumba, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele, na wewe unamzika mpiga kelele.

Sasa sikiliza. Zima, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha boksi ili umeme tuli wa mwilini ukutoke. Vumbi na nyuzi za pamba zipulize nje (magunia umeyaweka chumba hicho hicho, usinidanganye). Meno ya memori yafute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Si kwa mate. Niliwahi kutumia mate, tuyaache hayo.

Chomeka memori moja tu, mpaka vishikizo vilie "ka!" Pakia Memtest86 kwenye fleshi, ni programu aliyoitoa Chris Brady mwaka 1994, na haina haja ya Windows. Iache ipige mizunguko minne. Kosa hata moja ni kufeli, hakuna daraja la D hapa. Rudia kwa kila memori, sloti moja moja. Memori ikifeli kwenye kila sloti, hiyo ni mbovu, omboleza. Zikifeli zote kwenye sloti moja, memori hazina hatia. Siku hizi msimamizi wa memori anakaa ndani ya prosesa, kwa hiyo ing'oe uichungulie soketi kwa tochi: pini moja iliyolala inatosha kukuulia memori za kijiji kizima. Makosa yakihamahama bila mpangilio, azima pawa saplai nyingine kabla hujanunua chochote.

Halafu ingia kwenye bayosi, urudishe kasi ya kawaida. Na kama ulichanganya ya 2400 na ya 3200, mazabodi nyingi huzishusha zote kwenye kasi ya ile ya polepole, lakini ya mtumba yaweza kuchanganyikiwa. Wacheza ngoma wetu wa Bagika na Bagalu wanapendeza uwanja mmoja, kila upande na ngoma yake, kwa sababu tumekuja kuwatazama wakishindana. Ndani ya boksi hatukuja kutazama mashindano.

Shikamoo Babu. Mume wangu amesoma ushauri wako kwa simu ya rafiki yake. Usiku wa tatu huu amekaa mbele ya kompyuta anahesabu asilimia. Chakula anakula hapo hapo.
Mke wa Fundi, Bariadi

Marahaba, mama. Kipimo hicho huchukua saa nyingi, na hakiendi haraka kwa kukodolewa macho. Mwambie aje alale. Makosa yakitokea yataandikwa kwa rangi nyekundu, atayakuta asubuhi. Asipokuja, mpelekee matobolwa na chai, ila kikombe kikae mbali na boksi. Barua za namna hiyo ninazo nne mezani, na zote zinaanza na neno "chai".