Redio Inakunywa Betri

Jamani, mkiniona nasukumwa asubuhi msidhani ni mazoezi. Ni redio.

Gari langu lilikuja na redio yake kutoka Japani, nayo imekataa katakata kukubali kwamba imefika Kampala. Masafa yake yanaanzia 76 na kukomea 90. Ya huku yanaanzia 88 mpaka 108. Kwa hiyo ilichokamata vizuri ni CBS ya Kabaka, 88.8 na 89.2. Mimi mtu wa Mombasa, Kiganda changu kinaishia kwenye “ssebo” na bei ya matooke. Watangazaji wakicheka, nami nacheka.

Nikanunua nyingine, mtumba. Fundi akaifunga chapchap, simu kaibana begani. Nyuma ya redio waya zimejazana kama tambi. Wa njano unaleta umeme saa zote, redio isisahau saa na stesheni. Mwekundu unaleta ukizungusha ufunguo tu. Mweusi ni wa ethi, unafungwa kwenye bodi. Mimi naona rangi tu. Jamaa akasokota wa njano na mwekundu pamoja, akaviringishia kipande cha kavera, mfuko wa plastiki. Tepu hana. Nikamlipa, na soda juu.

Basi redio hailali! Nazima gari, yenyewe iko macho, inakunywa betri usiku kucha. Asubuhi nazungusha ufunguo: tik. Tik. Vijana wa boda stejini wameshanizoea. “Mzee, leo tena?” Wananisukuma kuelekea Hoima Road, mmoja anadai chake gari halijawaka, na mama wa sokoni kasimama na beseni kichwani ananielekeza gia. Mke wangu yumo ndani, kioo kapandisha. Hashuki ng’o. Eti uzito wake ni kidogo.

Fundi wa pili, hapa hapa Kasubi, akaichomoa, akagusisha testa yake kwenye waya mwekundu. Ufunguo uko mfukoni kwangu, taa inawaka! “Banange!” Akaita wenzake waje watazame. Wakaja na chapati zao.

Akatenganisha waya, betri sasa hainywewi. Ila nikikanyaga mafuta spika zinalia wiiii, nikiachia zinanyamaza. Eti ethi imelegea, nilete hela ya waya. Hela ipi? Imeishia kwa wasukumaji.

Jana nilimpa lifti mzee jirani. Akasikiliza kwa makini mpaka Nakulabye, ndipo akaniuliza hii stesheni ni ya nani.