Bwana Harusi wa Kanzu ya Kuazima

Linux ilizaliwa 1991, ikaendesha seva za dunia nzima, na kwa miaka mingi taima zake zilikuwa zikioza watu gizani. Ulipotaka taima ikukumbushe kazi, uliikabidhi anwani ya kitu chako ikiwa imevalishwa kanzu ya namba tupu. Ilipolia, kazi yako ilipokea namba, iliivua kanzu, iliapa kuwa ndani yumo bwana harusi yuleyule. Kompaila, mshenga mzima, alipoulizwa? Yeye aliona kanzu tu.

Tena namba hiyo ililala kwenye kumbukumbu chumba kimoja na anwani ya kazi itakayoitwa. Mdukuzi akifurikisha kumbukumbu jirani, aliweza kuchagua kazi na kuchagua cha kuilisha. Mahari hajatoa!

Toleo la 4.15, Januari 2018, ndilo lililokuta kanzu zimevuliwa: taima sasa inaikabidhi kazi anwani yake yenyewe, aina yake ikijulikana, na kompaila anagomba mapema. Mamia ya mafaili yaliguswa. Miaka yote hiyo, jamani, kuulizana majina!

Nawe uliyehifadhi bei, simu na tarehe zote kama maandishi, usicheke sana.