Nia ya Mama Haikai Kwenye Kisanduku Kimoja

Mnh! Hebu nisikilizeni nyie mliokaa hapo. Mdodosaji anapiga hodi na kishikwambi chake, anamkuta mama ananyonyesha. Salamu, ridhaa, kisha linakuja lile swali: mimba ya huyu mtoto ulipoipata, uliitaka wakati ule, ulitaka ije baadaye, au hukutaka kuzaa tena? Mama gani atatamka kwamba huyu anayenyonya hakutakiwa? Ah wapi! Atasema nilimtaka. Wala hasemi uongo, leo anamtaka kweli. Ila aliulizwa ya mwaka juzi.

Swali hilo linatoka kwenye tafiti za afya na idadi ya watu zilizoanza 1984 kwa ufadhili wa Marekani, zikafika nchi zaidi ya 90. Hapa Tanzania tulipitiwa 2022. Majibu ya akina mama ndiyo yanayoingia kwenye hesabu ya mimba zisizotarajiwa, na hesabu hiyo wakubwa wanaishika wanapojadili uzazi wa mpango.

Wewe shemeji unasema basi aulizwe kabla hajashika mimba. Sawa. Kule Balaka, Malawi, watafiti walianza 2009 kuwafuata wasichana, wanawauliza kila baada ya miezi minne. Wakakuta nia zinahama. Huyu kaolewa, yule kaachana na mtu wake, mwingine afya imeyumba au kipato kimekatika. Jamani, msiwaite vigeugeu. Mwanamke anapanga kwa alichonacho siku hiyo.

Kuna kipimo kingine, kilitolewa London 2004 na Geraldine Barrett na wenzake, na Malawi wamekifasiri kwa Kichewa wakakijaribu. Maswali sita. Mlikuwa mnazuia? Wakati ulikuwa mwafaka? Ulikusudia? Ulitaka mtoto? Mlikubaliana na mwenzio? Ulijiandaa? Alama zinaanzia 0 hadi 12. Kuanzia 10 mimba ilipangwa, hadi 3 haikupangwa, na 4 hadi 9 mama yuko katikati. Hapo katikati ndipo napapenda, kwa sababu wanawake wengi ninaowajua wanaishi hapo hapo. Sindano kaacha kwa kuwa inamvuruga hedhi, mimba hajaiomba, ikija hataitoa, na moyoni kuna kafuraha anakoogopa kukasema. Ukimlazimisha achague kisanduku kimoja umemnyima nusu ya maneno yake!

La kujiandaa lina kasoro yake, nalisema wazi. Kizungu chake ni kumeza foliki asidi mapema na kuacha sigara. Kwetu vidonge hivyo mama wengi wanavipata kliniki, mimba imeshaonekana. Muuza vitumbua anajiandaa kwa kucheza mchezo wa pesa na wenzake, ananunua khanga moja moja, anamtafuta mdogo wake atakayekuja kumsaidia. Muulizeni hayo.

Halafu faragha. Mwongozo wa wadodosaji unaitaka, lakini chumba kimoja cha kupanga pale Manzese, mume kajilaza kitandani, faragha itatoka wapi? Mdodosaji asione tabu kurudi kesho.

Mimi linaloniuma zaidi ni lile la makubaliano. Mwanamke anatoka kliniki na kijiti mkononi kwa kificho, mumewe anahesabu miezi anashangaa mtoto haji. Tss! Kaka zangu mnaokunywa kahawa hapa, shemeji ukiwa wa kwanza: mkeo akiulizwa kesho kama mliwahi kuketi mkazungumza, atajibu nini?