Komba na Vibuyu Vyao

Nyani Mkuu wa Kisarawe alichoka kushtukizwa. Leo moto wa wachoma mkaa uko Kazimzumbwi, kesho Mto Ruvu umefurika, mwezi ujao umekauka. Akawaita komba, wenye macho makubwa na masikio mapana, akawapanga mti kwa mti kutoka ukingo wa Ruvu pale Mlandizi, kupitia Kibaha, hadi kwenye mvule wa baraza lake. Kila komba alipewa kibuyu kimoja cha utomvu. Kikiisha, basi, nani angepanda miti yote ile kuvijaza?

"Nataka habari kila mara," aliamuru.

Wa Mlandizi akapaza sauti: "Maji yako palepale!" Wa pili akapokea, akapaza. Wa tatu vivyo hivyo, hadi barazani. Punde ikaanza tena: maji yako palepale. Katikati hapo hakuna aliyethubutu kusinzia. Wote walitega masikio kusubiri neno ambalo halijasemwa, na utomvu ukapungua vilevile.

Aliyekufa wa kwanza ni yule wa karibu na mvule, maana maneno ya komba wote yalipita kinywani mwake. Walimkuta amekumbatia kibuyu kilicholambwa hadi kikang'aa kwa ndani. Kule Mlandizi wenzake walikuwa na vibuyu nusu, wakipiga kelele zisizo na mpokeaji. Wiki hiyo moto ukapita Kazimzumbwi, na barazani hakuna aliyepata habari.

"Komba ni wavivu!" alisema Nyani. Baraza likapiga makofi.

Bibi Kobe akaomba nafasi. "Mtukufu, kutazama hakuli utomvu mwingi. Kinachokula ni kupaza sauti, na kutega sikio bure kunakula karibu sawa na huko. Waache walale. Waamke kwa muda waliokubaliana, wasemezane, walale tena. Maji yasipopanda wala kushuka, wanyamaze. Na komba wa kitongoji kimoja wampe mwenzao habari zao, azijumlishe ziwe neno moja, yeye ndiye apaze."

Nyani alifurahi. "Huyo mmoja awe mpwa wangu, siku zote."

"Akiwa siku zote, atakufa kabla ya wenzake. Ukubwa wapokezane. Na wewe, Mtukufu, usikae chini ya mvule huu mwaka mzima. Hamisha baraza, mzigo usiwaelemee majirani walewale."

Nyani alikaa kimya hadi jua likazama. Kesho yake baraza lilifanyika Kibaha.

Wahandisi wa vihisi visivyotumia waya wanaushughulikia mkasa huu kila siku. Kihisi cha betri hutumia nguvu nyingi zaidi kwenye redio kuliko kwenye hesabu zake, na taarifa zikipitishwa kutoka kihisi hadi kihisi, vilivyo jirani na kituo cha kupokea huzimika mapema. Mwaka 2000 Wendi Heinzelman na wenzake wa MIT walichapisha utaratibu wa LEACH, ambamo vihisi hupokezana ukuu wa kundi na mkuu hujumlisha taarifa kabla ya kuzituma.

Mwishoni mwa 2021 maji ya Ruvu yalipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Mto kama huo unastahili walinzi wanaodumu. Wewe utakayefunga vihisi Mlandizi au Kazimzumbwi, panga usingizi na zamu zao kabla hujaenda kununua betri.