Mtoto wa Jicho la Boti Asifiwe

Watu wa pwani wamesifu tanga, mlingoti, upepo wa kusi, hata nanga iliyolala matopeni, lakini ukungu unaoziba madirisha ya plastiki ya boti haujaambulia hata ubeti mmoja. Abiria huupangusa kwa kiganja, akarudia kwa upindo wa kanga, kisha akiona bahari bado inafanana na uji, humtukana mwenye chombo. Anachokifuta ni shahidi wake mwenyewe. Nashikilia kwamba ndani ya boti hakuna msema kweli kama ukungu huo. Rangi ya ubavuni hupakwa upya ukaguzi ukinukia. Injini huunguruma kwa adabu gatini, ikangoja mkondo wa Nungwi ndipo ionyeshe tabia yake. Maboya ya kujiokolea hupangwa mapya mbele, yaliyochanika nyuma. Dirisha peke yake haliwezi kuficha lilivyotunzwa.

Anayejua kusoma atasoma. Mikwaruzo ya duara, iliyopandiana kama nyayo za kuku, maana yake ni kwamba baharia alipangusa chumvi na mchanga kwa tambara kavu ili kuokoa ndoo moja ya maji baridi. Umanjano kwenye polikaboneti ni kazi ya jua: miale ya urujuanimno huvunja viungo vya plastiki, na boti iliyoegeshwa bila turubai huonyesha miaka yake kama meno ya mvuta tumbaku. Nyufa nyembamba mfano wa utando wa buibui, zikizunguka matundu ya skrubu kwenye akriliki, husema fundi alikaza kupita kiasi, au msafishaji alitumia spiriti au petroli. Na yale mapazia ya plastiki laini yaliyokakamaa na kupasuka kwenye mikunjo yamepoteza vilainishi vyake. Hakuna daftari la matengenezo linaloandikwa kwa uaminifu huo.

Nasaba ya dirisha hilo pia si haba. Akriliki iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1933 kwa jina la Plexiglas, nayo ikiwa nzima hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga. Katika Vita Kuu ya Pili ilifunika vyumba vya marubani, na daktari Harold Ridley wa London akaona kwamba vipande vyake vikiingia machoni mwao, jicho halivikatai. Mwaka 1949 aliweka lenzi ya plastiki hiyo ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Dawa ya mtoto wa jicho kwa binadamu, basi, ikipelekwa baharini hupata mtoto wa jicho yenyewe. Mganga hajigangi.

Watapinga wenye kuchafukwa na moyo: anayetapika anahitaji kuuona upeo wa bahari, ili macho na masikio yake yakubaliane. Kweli, na ndiyo maana ukungu humng'oa kitini na kumpeleka sitahani, kwenye upeo wenyewe na upepo juu yake, na wenzake hubaki na viatu safi. Hoja ya nahodha ni nzito zaidi. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinataka kila chombo kiwe na uangalizi muda wote, kwa kuona na kwa kusikia. Ningeweza kujibu kwamba nahodha asiyeona hufungua dirisha la pembeni, na hapo anaanza kusikia. Lakini usiku, ngalawa isiyo na taa ikiwa mbele, jibu hilo halinitoshi hata mimi. Kioo cha usukani naruhusu kipigwe msasa.

Wapo watakaosema ukungu unaoondoka kwa msasa si shahidi, ni uchafu tu. Mmwagie maji baridi tuone. Dirisha likiangaza ghafla kisha likafifia linapokauka, ugonjwa uko juu ya ngozi: maji yamejaza mikwaruzo, mwanga ukapita bila kutawanyika. Huo unatibika kwa kusuuza chumvi yote kwanza, kisha msasa wa maji kuanzia namba 800 hadi 2000, kila namba ikikatiza mistari ya iliyotangulia, na mwisho dawa ya kung'arishia kwa mkono mwepesi, maana mashine ya kasi huyeyusha plastiki. Likibaki na ukungu hata likiwa limelowa, ugonjwa umezama ndani na msasa utachosha bega bure. Na polikaboneti nyingi za nje huja na utando mwembamba wa kuzuia jua, ambao msasa huo huo huuondoa. Dirisha lililong'arishwa hivyo, lisipopakwa kinga nyingine, huwa na ukungu mapema kuliko mara ya kwanza.