Mume wa Mama Mkwe

Hapa Umwe, mtoto akitimiza miezi sita tu, sufuria yako inakuwa mali ya kata nzima. Jirani anayepita kwenda mashineni na ndoo ya mahindi kichwani atauliza, "Kijana keshaanza kula?" na kabla hujafumbua mdomo ameshakupa mapishi. Dereva wa bodaboda aliyekuletea nazi naye ana ya kwake. Huyo hajaoa bado, lakini aliwahi kuwa mtoto, basi anajihesabu mtaalamu.

Nyumbani kwangu kambi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya nesi wa kliniki: maziwa ya mama matupu hadi miezi sita, hata tone la maji hapana, joto la Rufiji liwe kali vipi. Baada ya hapo chakula laini mara mbili hadi tatu kwa siku, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili. Kambi ya pili ni ya mama mkwe wangu, aliyetoka huko deltani kwa mashua, akashukia Nyamisati, akapanda gari kuja kwetu na nazi, mchele na malalamiko.

"Mume wangu mnamshindisha njaa kwa sababu ya kadi!" alisema akimpokea mjukuu. Na mimi ningejibu nini? Mkwe habishani na mkwe. Hoja zangu zote nilizipitisha kwa mke wangu, naye akazifikisha kwa mama yake aliyeketi mkeka huo huo, akisikia kila neno. Majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Bunge la Dodoma lina taratibu nyepesi kuliko zetu.

Tukaanza na unga wa lishe. Mke wangu alikwenda mashineni na mahindi na soya, lakini foleni ilikuwa ndefu na kila mama aliyesimama pale aliona kuna kitu kimepungua. Ukaongezwa ulezi, ukaongezwa mchele, uwele, mtama, na karanga ambazo hakuna aliyejua zimelala ghalani tangu lini. Nesi alipousikia mchanganyiko huo alicheka, akasema nafaka tano kwenye mfuko mmoja ni wanga ule ule umevaa kanga tano: nafaka moja na jamii ya kunde vinatosha, mengine ongeza samaki, yai na mboga. Kwenye karanga hakucheka. Sumukuvu haiuawi na moto wa uji, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mfuko wote ukaenda shimoni.

Unga mpya ukaja, na sheria yake: uji wa mtoto uwe mzito, ukiinamisha kijiko usichuruzike. Mama mkwe akachungulia bakuli. "Mwanangu, muulize mwenzio, huu ni uji au udongo wa kukandikia nyumba?"

Tulimketisha mheshimiwa ndani ya beseni, kanga zimemzunguka asipinduke. Kijiko cha kwanza kikaingia, ulimi ukakitoa. Cha pili kikatoka kwa kasi zaidi. Nesi alishatuambia kwamba mtoto anayesukuma chakula kwa ulimi hajakataa, anajifunza tu; mama mkwe alikuwa na tafsiri yake: "Mume wangu ana adabu. Mtu mwingine angewatukana." Kisha mwenye adabu akapiga bakuli teke. Jogoo, ambaye siku hizo akisikia kijiko tu yuko mlangoni, akamaliza kilichobaki. Kama kliniki ingepima kuku, familia yetu ingepewa zawadi.

Boga lilipokelewa vizuri zaidi, ila lilimponza mzee mmoja wa jirani. Alipita Ijumaa akielekea msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, akasisitiza ambebe mtoto aliyetoka kula. Tulimwambia asubiri kidogo. Alisema yeye kabeba wajukuu wengi. Huyu alicheua begani kwake, rangi ya chungwa lililoiva. Nasikia aliswali safu ya nyuma.

Mwisho mama mkwe alichoka kutumia mjumbe, akaingia jikoni mwenyewe. Akanunua kambale sokoni Ikwiriri, akamchemsha kwa tui, akachambua mwiba mmoja mmoja kwa vidole, akamponda na wali uliopikwa ukalainika kabisa, bila pilipili wala chumvi. Mtoto akala. Akafungua mdomo kabla kijiko hakijafika, akalia kilipochelewa. Mama mkwe hakusema kitu kwa muda mrefu, na ule ukimya ulikuwa na kelele kuliko taarabu.

Nesi alifurahi aliposikia: wali, samaki na tui ndiyo somo alilokuwa akilifundisha. Mama mkwe naye akafurahi kwamba hatimaye serikali imemwelewa. Mzani ukaonyesha kijana amepanda, nukta ikawekwa kwenye kadi, na bibi akaomba pembeni yake paandikwe kwamba ni kambale. Nesi akaeleza kwa upole kwamba kadi haina sehemu ya samaki. Mama mkwe akaigeuza, akamwonyesha kwa kidole pale palipo wazi, penye chanjo ya surua.