Mwamia Ndege Mstaafu

Mimi na ndege tulishamalizana zamani. Nikiwa na miaka minane nilipandishwa juu ya dungu katikati ya shamba la mpunga la babu, nikakabidhiwa kombeo na debe bovu, nikaambiwa kwelea kwelea wakitua hapa, jioni hakuna kula. Tangu kabla jua halijachomoza mpaka linazama kazi yangu ilikuwa kuamia. Mwamia ndege hana rafiki mwenye mabawa. Haulizi huyu anaitwa nani wala jike lake lina rangi gani. Anapiga debe, anapiga ukelele, "Hoooo!", ndege wanahamia kwa jirani, basi.

Sasa nina miaka hamsini na mitatu, nakaa zangu Uchindile huku juu kwenye baridi, na mpunga nauona ukiwa sahanini. Juzi akanipigia simu mpwa wangu, aliyesomea utalii.

"Shikamoo mjomba. Nina mgeni wa ndege, nataka twende wote. Wewe bonde unalijua."

"Marahaba. Anatua uwanja gani?"

Kimya. Kumbe mgeni mwenyewe hakuwa anakuja kwa ndege, alikuwa anawafuata ndege. Safari ya siku moja tu, mjomba, tunakwenda kutafuta ndege adimu.

Hiyo siku moja naomba mtu anisaidie kuihesabu. Siku ya kwanza tuliimaliza kwenye reli, tukishuka kutoka Uchindile kwenda Ifakara, tukalala. Siku ya pili ndiyo ya kutafuta ndege. Siku ya tatu ni ya kupanda tena mlima kurudi. Nilipolalamika, mpwa akasema siku ya kuangalia ndege ni moja, hizo nyingine ni usafiri. Kwa hesabu hiyo hata msiba ni dakika kumi za kufukia.

Halafu likaja suala la mavazi. Nilikuwa nimevaa jezi yangu nyekundu ya Simba, ile ya safari. "Mjomba, nyekundu inawashtua ndege," akasema, akanipa fulana ya kijani. Mimi, mtu wa Msimbazi tangu enzi za kusikiliza mpira kwenye redio ya mkulima, nikaingia stendi ya Ifakara asubuhi na mapema nimevaa kijani, rangi ya watani wetu wa Jangwani. Mama muuza chai akanitazama akacheka: "Mzee, wiki hii mmetuweza!" Chapati ikanikwama.

Mgeni mwenyewe alikuwa bibi wa miaka sabini na ushee kutoka Uingereza, mwembamba kama fito, darubini shingoni, daftari mfukoni, buti zimefungwa kamba mpaka juu. Nilimwonea huruma. Huruma hiyo ilidumu kama robo saa hivi, mpaka tulipoacha barabara karibu na Kivukoni na kuingia kwenye tope. Yeye akapita juu ya majani yaliyolala, hatua nyepesi kama kwarara. Mimi mwenyeji nikazama mpaka ugokoni, kandambili moja ikabaki huko huko. Mbu nao walikuwa kazini. Hawa mbu wa Ifakara wamechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya nusu karne, kwa hiyo wanauma kwa kujiamini kama watu wanaojua wameandikwa vitabuni.

Tukasimama mbele ya matete. Kumtafuta ndege adimu, kwa jinsi nilivyoona, ni kusimama. Husemi, hukohoi, hupigi mbu. Mpwa akaanza kunieleza kwa kunong'ona. Tunayemtafuta ni mnana wa Kilombero, ambaye dunia nzima hana kwao pengine isipokuwa bonde hili. Aligunduliwa mwaka 1986, na mwaka 1990 Neil na Liz Baker wakamwandikia rasmi jina la kitaalamu.

"Wapi hapo alipogunduliwa?"

"Huku huku mtoni, mjomba."

Hapo damu ikanichemka. Kivukoni hapa! Kabla ya Daraja la Magufuli, hilo lenye mita 384, kufunguliwa mwaka 2018, hapa tulikuwa tunasubiri pantoni, tena kusubiri kwenyewe ni kwa nusu siku. Nimekula kitoga wa kukaanga ukingoni hapa mara ngapi sijui, huku ndege wa njano wakipiga kelele kichwani kwangu, sijawahi kuinua macho. Na huo mwaka 1986 nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne mwenye kombeo. Inawezekana kabisa kwamba yule ndege mimi ndiye niliyemgundua, maana wageni walimwangalia kwa darubini, mimi nilimtupia donge la udongo. Nani aliyemkaribia zaidi?

Mpwa akasema hapa hapa kuna pia vindege viwili vya majanini, jamii ya kidenenda, vilivyojulikana tangu miaka hiyo ya themanini ila vikapewa majina rasmi mwaka 2021. Zaidi ya miaka thelathini vinaimba bila cheti cha kuzaliwa! Kimoja kikapewa jina la hao hao akina Baker. Cha mwamia ndege hakuna.

Ugunduzi ninaouheshimu ni mmoja tu, wa kule Udzungwa mwaka 1991. Watafiti wa Kidenmark walikuwa kambini, jioni chungu kipo motoni, ndani kuna ndege aliyetegwa na wenyeji. Mmoja akaona miguu inaelea kwenye mchuzi, miguu asiyoifahamu. Wakafuatilia, kumbe ni kware ambaye sayansi haikuwa imewahi kumsikia, tena ndugu zake wa karibu wako huko Asia. Mwaka 1994 akapata jina. Utafiti wa namna hiyo, wenye sufuria katikati, hata mimi ningejitolea.

Nikiwa bado nawaza mchuzi, bibi akaninyooshea kidole. Nikapewa darubini. Nikaona tete moja limeinama, kiota cha kijani hakijaisha, na dume limening'inia kichwa chini, linavuta unyuzi wa jani kwa mdomo, linaupitisha, linaukaza kwa mguu, linarudi nyuma kuangalia kama mama anayesuka ukili. Kifua njano. Mgongo kijani. Uso mweusi mpaka kidevuni.

Njano, kijani na nyeusi. Nimevuliwa nyekundu yangu, nimepoteza kandambili, nimeliwa na mbu, ili nije kumkodolea macho mchezaji wa Jangwani.

Ningevumilia hata hilo. Lakini mara kundi zima likainuka kutoka kwenye matete, njano tupu, likakata kona kuelekea shamba la mpunga upande wa pili. Wasomaji, sikukusudia. Miaka arobaini na ushee si kitu. Mikono ikapiga makofi yenyewe na kifua kikafunguka: "Hoooooo!"

Matete yakatikisika. Yule dume wa kiotani naye akaondoka. Mpwa akafumba macho. Bibi akashusha darubini taratibu, akanitazama kama mwalimu wa zamu.

Halafu, kule ng'ambo, kutoka juu ya dungu, sauti nyembamba ya mtoto ikajibu, "Hoooo!", ikafuatiwa na debe. Alijibu vizuri, kwa pumzi ya tumboni. Kundi likageuka hewani, likarudi kwetu, likatua kwenye matete yale yale, hatua kumi kutoka kwenye pua ya bibi. Akapiga picha mpaka betri ikaisha. Alidhani tumepanga.

Tuliporudi barabarani alimshika mpwa mkono kwa muda mrefu, na bakshishi nikaiona ikiingia mfuko wa shati. Mimi nilipewa biskuti. Jana mpwa kapiga tena, kuna wageni wanne mwezi ujao, na wameomba yule mzee wa kelele asikose.